Tagi Iliyoitwa Brigitte

Siku hizi nyumbani kwa Syntiche kisa hiki kinasimuliwa kwa kicheko, na kila anayekisimulia huanza kwa kushusha pumzi. Aimé, mume wake, hukisimulia kana kwamba ni yeye aliyeokoa kila kitu. Ukweli ni kwamba alivua viatu, akachovya kidole kimoja cha mguu majini, akavaa viatu vyake tena. Lakini tusianze na viatu vya Aimé.

Kuna watu wakistaafu hufuga kuku. Papa Léonard, baba yake Syntiche, alistaafu akajenga boti, tena aliijenga kwenye meza ya kulia ya binti yake, mwaka mzima na zaidi, mpaka watu wa nyumba ile wakazoea kula sahani zikiwa magotini. Haikuwa boti ya kupandwa na mtu. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, ya mbao nyembamba na vipande vya bati la zamani, mfano wa tagi, au remorqueur kama wao wanavyoiita, ile boti fupi yenye nguvu inayovuta na kusukuma matishari, zile barge za mizigo, mtoni. Papa Léonard alikuwa fundi wa mashine kwenye tagi ya namna hiyo huko Bukama, juu ya Mto Lualaba, tangu ujana mpaka mvi. Ubavuni mwa boti aliandika kwa rangi nyeupe BRIGITTE, jina la marehemu mke wake, mama ambaye maisha yake yote hakukubali kukanyaga boti hata siku moja. Sasa amepanda bila kuulizwa, Papa alisema, na huo ndio ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu msiba.

Maana alipofika Lubumbashi baada ya mazishi, mzee huyu alikuwa hatamaniki. Alikaa kwenye kiti akiuangalia ukuta. Alikula matonge mawili ya bukari, ugali wa kwao, akasukuma sahani. Syntiche, anayetengeneza simu kwenye kibanda chake katika soko la mtaa wa Kenya mjini humo, alikuwa akirudi jioni na kumkuta alivyomwacha asubuhi, na alianza kuogopa kufungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Halafu siku moja Papa akaomba ubao na kisu. Siku hiyo alikula. Siku ya pili akala akaomba nyongeza. Kwa hiyo mtu akimuuliza Syntiche kwa nini alivumilia mwaka mzima wa vumbi la mbao ndani ya sukari, atakujibu kwamba boti ile ndiyo iliyomlisha baba yake, na yeye angevumilia hata meli nzima.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Mkono wa kulia, ule wa kazi. Mwanzoni ni kidogo tu, kikombe kikigonga meno. Baadaye hata gundi ilimshinda, na vyuma vyembamba vya pembeni mwa boti ilibidi vibandikwe na Syntiche.

"Ni baridi," Papa alisema, akautia mkono mfukoni mwa koti.

Baridi hiyo ilikuwapo hata mwezi wa kumi, wakati Lubumbashi nzima inatafuta kivuli na mbwa wanalala ulimi nje. Daktari alisema lake, akatoa vidonge. Papa alivimeza vidonge kwa utiifu wote na akaendelea kusema ni baridi. Hakuna aliyembishia. Mkono ukawa unaishi mfukoni, na koti likawa halivuliwi. Kila mtu alijua, na yeye alijua kwamba wanajua: hakutakuwa na boti ya pili. Iliyopo ni hii tu.

Ndipo akaja na ombi lake.

"Mama," alimwambia Syntiche. Alimwita hivyo kwa sababu Syntiche alibeba pia jina la mama mzazi wa Papa, mbali na hili la Biblia. "Mama, utie moteur mu hii remorqueur. Nataka nione inatembea peke yake, inasukuma barge, hata mara moja tu."

"Iko muzuri, Papa. Nitatia."

Alikubali kabla ya kufikiri, na usingizi ukampaa. Kutia injini kwenye boti maana yake ni kuitoboa chini. Kila kitu kingine alikiweza. Sokoni alinunua gari kubwa la kuchezea watoto, lile la kuendeshwa kwa rimoti, akalipasua kama kuku. Injini yake akaiweka tumboni mwa tagi. Kile kijiinjini kidogo kilichokuwa kikigeuza magurudumu, akakiunganisha na usukani wa nyuma. Betri akaifungia ndani ya kopo la sabuni na kuziba kingo zote. Lakini tundu! Siku ya kutoboa alifumba jicho moja, na Papa, aliyekuwa amesema hataki kutazama, alisimama nyuma yake akitazama.

"Polepole, mama. Polepole. Usimutoboe Brigitte kama ukuta."

Tundu lilitoka safi. Papa alicheka mpaka akakohoa. Likapitishwa bomba jembamba la shaba, na ndani ya bomba kile chuma kinachozungusha rafadha, yale mapanga madogo ya nyuma yanayosukuma maji. Bomba hilo hujazwa grisi, ili chuma kizunguke kwa ulaini na maji yasipenye. Grisi Syntiche hakuwa nayo. Akataka kumtuma Aimé gereji.

"Graisse ya kufanya nini?" Papa aliuliza, kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Kwetu ku Bukama, kama graisse inaisha, tulikuwa tunatia mawese. Mashine inakunywa, inashukuru."

Aimé aligeukia mlangoni, kwani mtu hamcheki baba mkwe wake usoni. Lakini Syntiche alikuwa binti, na binti hufanya alivyosema baba. Alichukua chupa ya mawese, yale mafuta mekundu ya mchikichi, kutoka kando ya mbabula, lile jiko la makaa. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba kila mama wa Lubumbashi huiweka chupa yake ya mawese karibu na makaa, la sivyo asubuhi ataikuta imeganda na ataigonga matako bure kama chupa ya tomato. Syntiche alikuwa amefanya hivyo tangu alipoolewa mjini humo na hakuwa akilifikiria tena. Mawese yalitiririka mekundu, laini, yakajaa bomba vizuri.

Wakaijaribu boti ndani ya beseni kubwa la kufulia, palepale jikoni. Alichanganya maji ya moto kidogo, kwani nani anatia mikono yake kwenye maji ya mwezi wa saba kwa hiari? Tagi ikaelea wima. Vipande vya madini ya risasi walivyovipanga chini kama uzito viliishikilia vizuri, haikulala upande wala upande. Syntiche akasukuma kijiti cha rimoti. Rafadha ikapiga maji kwa nguvu, yakamrukia Aimé usoni, na jikoni wakapiga makofi. Papa hakupiga makofi kwa sababu mkono mmoja ulikuwa mfukoni, lakini alikanyaga sakafu kwa mguu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi wakaenda upande wa Luano, nje ya mji, kwenye bwawa la samaki la bwana mmoja anayefahamiana na Aimé. Majani ya kando ya njia yalikuwa meupe kwa baridi. Ndani ya gari Syntiche aliipakata tagi mapajani, imefungwa kitenge juu ya kitenge kama mtoto mchanga, na tishari lake dogo la ubao likiwa miguuni pake, na Papa alikaa mbele akimwambia Aimé apunguze mwendo kwenye kila shimo, hata yale ambayo hayakuwapo.

Bwawani walipokelewa na mlinzi, Ngosa, mtu mrefu aliyevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na moto wake, sufuria yake na chai yake. Aliitazama boti kwa heshima, akaizunguka, akauliza kama kuna watu ndani. Halafu akawaonyesha upande wa pili wa bwawa, mahali maji yaliyozidi yanapotokea kwa bomba kubwa.

"Muangalie vizuri kule ku tuyau," alisema. "Kintu yote inafika kule, inamezwa. Inatokea ngambo ya barabara imevunjika ku mabwe. Bata ya patron, mwenye bwawa, ilipita mule. Tuliona manyoya tu."

Na mtumbwi wa bwawa je? Ulikuwa kifudifudi kwenye majani, umepakwa lami mpya, unakauka.

"Papa, kamata télécommande," Syntiche alisema, akimnyoshea rimoti. "Ni boti yako."

"We kwanza. Baridi iko mingi."

Na kweli siku hiyo baridi ilikuwapo, hakuna aliyeweza kumkatalia. Syntiche akaiweka tagi majini, akaiachia, akasukuma kijiti.

Brigitte akaondoka. Alikwenda moja kwa moja, kifua mbele, akiacha mikunjo miwili nyuma yake juu ya maji yaliyotulia. Syntiche akageuza usukani, Brigitte akageuka. Akageuza tena, akageuka tena. Ngosa alisema "Eh! Eh! Eh!" kila alipogeuka. Papa alisogea ukingoni kabisa, shingo mbele, na midomo yake ilikuwa ikifanya sauti ya injini ya zamani, tugu-tugu-tugu, bila yeye kujua. Syntiche alimtazama baba yake badala ya boti, akawa na furaha kiasi kwamba hakusikia mara ya kwanza mlio ulipobadilika.

Tagi ilipunguza mwendo. Ikajivuta. Ikasimama katikati ya bwawa.

Alisukuma kijiti mpaka mwisho. Kutoka mbali ilisikika injini ikinung'unika, lakini nyuma ya boti maji hayakutikisika. Akaachia haraka, asije akaiunguza. Upepo mdogo wa asubuhi ulikuwa ukitoka upande wao, na upepo ule, ambao hakuna aliyekuwa ameutilia maanani, ukamshika Brigitte ubavuni na kuanza kumpeleka taratibu kule kwenye bomba.

"Inaenda ku tuyau," Ngosa alisema, kana kwamba alihitajika mtu wa kulisema.

Syntiche alikiona tena kile kiti cha nyumbani. Alimwona baba yake kwenye kile kiti, akiuangalia ukuta, na sahani imesukumwa pembeni, na safari hii hakuna ubao wala kisu vitakavyosaidia. Yeye ndiye aliyeitoboa boti ile. Angeiacha juu ya meza, nzima, ingekuwapo mpaka leo.

Ndipo Aimé alipovua viatu, na ndipo alipovivaa tena.

"Mayi inauma kama kisu," alisema kwa aibu. "Papa, hauogelee?"

"Baharia ya kweli haiogelee," Papa alijibu bila kuondoa macho majini. "Inabakia mu boti."

Syntiche alijilazimisha kufikiri kama anavyofikiri kibandani simu inapokataa kuwaka. Aligusa usukani wa boti kwa rimoti: kwa mbali aliona kipande cha bati la nyuma kikienda kushoto, kikienda kulia. Basi betri ilikuwa nzima, na boti ilikuwa inamsikia. Injini ilinung'unika, basi umeme ulifika. Kitu kilikuwa kimekishika kile chuma cha rafadha na hakitaki kukiachia. Majani? Katikati ya bwawa hapakuwa na majani. Kitu gani basi? Aligeuka huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo, na macho yake yakaangukia moto wa Ngosa. Kando ya moto, imeegemezwa jiwe, ilisimama chupa ya mawese. Upande wa makaa ilikuwa nyekundu, imeyeyuka. Upande wa baridi ilikuwa ya njano, ngumu.

"Mawese!" alipiga kelele. "Papa, ni mawese! Imeganda!"

"Mawese haigandake. Miaka yote ku Bukama sikuona."

"Ku Bukama, Papa! Ku Bukama kuko joto! Hapa tuko Lubumbashi!"

Huko Bukama, bondeni mwa Lualaba, ambako usiku mtu hulala bila shuka, mawese hayajui kuganda. Na jikoni kwake Syntiche yalikuwa kando ya makaa, na beseni lilikuwa na maji vuguvugu, na njiani boti ilipakatwa kwenye kitenge. Mara ya kwanza mawese yale yalipokutana na mwezi wa saba ilikuwa ni pale, katikati ya bwawa. Mwanamke aliyeiweka chupa yake motoni miaka yote hakukumbuka kwamba boti haina mbabula.

Brigitte alikuwa amekaribia upande wa pili. Maji ya kule yalionekana kuteleza, yakijikusanya kuingia bombani.

"Usisukume na nguvu," Papa alisema ghafla. Sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu aliye kazini. "Barge ikikamata ku muchanga, hatusukume. Tunatikisa. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbio mbio. Muchanga yenyewe inaachilia."

Syntiche alisukuma kijiti mbele, akakivuta nyuma. Mbele, nyuma. Injini ikajibu, mm, mm, lakini ikakwama kila mara.

"Mbio zaidi!"

"Papa, kidole inakataa!"

Na kweli kilikataa. Kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi, na mtu mwenye mkono mzima akitaka kutetemeka kwa makusudi huchoka upesi. Papa Léonard aliutazama mkono wa binti yake. Kisha akautoa wa kwake mfukoni.

Ulikuwa ukitetemeka kuliko siku zote, kwa baridi na kwa hofu na kwa yale ya daktari, yote kwa pamoja. Aliichukua rimoti kwa mkono wa kushoto, akaweka kidole gumba cha kulia juu ya kijiti, na hakujaribu kukizuia. Miezi yote ile alikuwa akipigana na mkono ule, akiukalia, akiufunga, akiuficha. Sasa aliuacha ufanye unavyotaka. Kijiti kikaanza kucheza mbele na nyuma, upesi upesi, na kutoka ng'ambo ukasikika mlio mdogo, trrr, trrr, trrr, kama cherehani.

Ngosa alikuwa ameshaanza kukimbia ukingoni kuelekea kwenye bomba, ingawa alichotarajia kufanya akifika hakukijua hata yeye.

Maji ya nyuma ya boti yakatikisika. Kidogo. Yakatulia. Yakatikisika tena, na mara rafadha ikajinasua kutoka kwenye yale mawese na kuchanganya maji kwa kishindo. Brigitte alikuwa mdomoni mwa bomba kabisa. Ngosa anaapa kwamba angeweza kumgusa kwa fimbo. Papa akasukuma kijiti kwa kiganja kizima ili kibaki mbele, Syntiche akapeleka mkono wake akashika gurudumu la usukani kwenye rimoti ileile, na kwa mikono yao iliyobanana wakamgeuza. Alisita, akipigana na maji. Kisha pua ikaelekea kwao.

"Anakuja," Syntiche alisema. "Papa, anakuja. Anakuja!"

Akaja. Alikuja polepole, kwa mikupuo midogo, kama mama mnene anayepanda kilima na mzigo kichwani. Njiani injini ilizidi kupata nguvu, maana mawese yakishavurugwa hayarudi kukaza upesi. Boti ilipogusa majani, Syntiche aliingia majini na viatu vyake, akaibeba, akaikumbatia kifuani ikimchuruzikia maji ya barafu mpaka tumboni, na hakujali. Akakaa chini palepale kwenye tope, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na kila alipotaka kusema kitu kicheko kikamzidi. Ah, jinsi mwili unavyokuwa mwepesi hofu ikishatoka! Aimé alikuwa akiwapigia makofi samaki. Ngosa alirudi akihema, akasema yeye alijua tangu mwanzo, akamimina chai kwa watu wote bila kuulizwa.

Papa Léonard alibaki amesimama na rimoti mkononi. Alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama watoto wanaobania siri.

"Barge iko wapi?" aliuliza.

"Papa! Tunarudi pa nyumba!"

"Kwa nini? Sasa tunajua dawa yake."

Wakaipasha boti moto kwanza, karibu na makaa ya Ngosa, lakini si karibu sana. Aimé akaapa kwamba wiki hiyohiyo atanunua grisi ya kweli. Tishari dogo la ubao, ambalo Papa alikuwa amelipakia vipande vya kuni kama mizigo, likawekwa mbele ya pua ya tagi. Safari hii hawakutoka mbali na ukingo, na Aimé alisimama upande wa upepo na ufito mrefu. Papa aliendesha mwenyewe. Boti ilikwenda kwa mikupuo yake, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele zaidi, na tishari likatangulia mbele yake bila kuanguka hata kuni moja. Alizunguka nalo tena na tena, mpaka chai yake ikapoa. Mara nyingine alimwambia kitu Brigitte kwa sauti ya chini, na wote wakajifanya hawasikii.

Jua lilipopanda na joto likaanza kuingia mwilini, walikaa kwenye magogo ya Ngosa kunywa chai ya pili. Papa aliupokea mugi kwa mkono wa kulia. Chai ikamwagika, ikamlowesha suruali, ikadondoka kwenye viatu, na yeye akaendelea kunywa iliyobaki.

Aimé, mkwe mwema, aliona na akaharakisha kumsaidia kwa maneno yaleyale ya nyumbani.

"Papa, baridi inakukamata? Nikuletee couverture mu gari, ujifunike?"

Papa Léonard aliitazama boti yake ikikauka juu ya majani, jina lake jeupe likielekea jua. Halafu akautazama mkono wake, ambao ulikuwa juu ya goti, wazi, mbele ya watu.

"Hapana, mwana," alisema. "Baridi imeisha. Ni mukono yangu. Iko vile."

Syntiche aliinamisha uso ndani ya mugi wake ili asionekane. Aimé akamwongezea mzee chai, nusu mugi tu ili isimwagike, na wakaendelea kuota jua.